Somo la 8: Mwajiri na Watu Wake

SABATO ALASIRI

Soma kwa ajili ya somo la juma hili: Ruthu 2:4-16, Mwanzo 31:38-42, 1 Samweli 25:14-17, 30:11-15, 2 Wafalme 5:9-14, Kumbukumbu la Torati 5:12-15, 24:14, 15, Wakolosai 3:22–4:1.

Fungu la kukariri: Wakolosai 4:1.

Neno "mwajiri" huwafanya wengi wafikirie kiwanda au ofisi kubwa. Lakini katika makanisa mengi mwajiri ni mama mwenye dada wa kazi, mzee wa kanisa mwenye duka na kijana mmoja wa kuuza, au mkulima anayeita vibarua wakati wa palizi. Washiriki wengi ni waajiri bila kujiita hivyo. Na wengi wao wameajiriwa mahali pengine: mchana wanamlalamikia bosi, jioni wakifika nyumbani wao ndio mabosi.

Jinsi mfanyakazi anavyoichukulia kazi yake na jinsi mwajiri anavyomchukulia yeye ni mambo yanayokwenda pamoja. Hata hivyo Mungu humwuliza kila mmoja kwa upande wake.

JUMAPILI
Salamu Shambani

Soma Ruthu 2:4-16. Boazi alifanya mambo gani ambayo mwenye shamba hakulazimika kuyafanya?

Yalikuwa mavuno ya shayiri. Boazi alipofika kutoka Bethlehemu, hakuanza kwa kuuliza kazi imefika wapi. Aliwasalimu wavunaji kwa jina la Bwana, nao wakamwitikia kwa baraka. Salamu ya namna hiyo inaweza kuwa desturi tupu. Wapo wanaosema "Bwana asifiwe" kila asubuhi kwa watu ambao hawajawalipa miezi miwili. Ya Boazi hupimwa kwa yaliyofuata. Alimtambua mgeni mmoja kati ya wavunaji, maana yake aliwajua waliobaki. Aliwaagiza vijana wasimguse Ruthu, akamruhusu kunywa maji waliyoyateka, na wakati wa chakula akamkaribisha, akampa bisi mpaka akashiba na kusaza.

Ruthu hakuwa mwajiriwa. Alikuwa mwokota masazo, aliyelindwa na sheria ya Walawi 19:9, 10. Lakini maji, chakula na utaratibu aliovikuta vilikuwa vya shamba zima. Lile agizo la kutomgusa linaonesha kwamba Boazi alijua yanayoweza kumpata mwanamke maskini kati ya wanaume kazini, naye hakungoja malalamiko. Waajiri wengi husema hawajawahi kusikia neno baya mahali pao. Huenda ni kwa sababu hakuna aliyeona pa kulisemea.

JUMATATU
Miaka Ishirini kwa Labani

Soma Mwanzo 31:38-42. Yakobo alifanya kazi ya namna gani, na chini ya bwana wa namna gani?

Miaka 14 kwa ajili ya binti wawili, miaka 6 kwa ajili ya wanyama, na ujira uliobadilishwa mara kumi. Mnyama aliyeraruliwa, Yakobo alimlipa. Aliyeibwa, Yakobo alimlipa. Kijana wa dukani anayekatwa mshahara hata kwa unga ulioliwa na panya anaielewa hasira ya mafungu haya. Lakini jua lilimchoma mchana, baridi ikampiga usiku, naye aliendelea kulichunga kundi. Kazi yake haikushuka pamoja na ujira wake.

Mfano huu usigeuzwe kuwa fimbo. Yakobo alisema madai yake wazi mbele ya ndugu wa pande zote mbili, na aliondoka. Bwana mwenyewe ndiye aliyemwambia arudi kwao (Mwanzo 31:3). Hakuwa malaika pia, kwa maana aliondoka kwa siri. Mungu aliyaona mateso yake na kazi ya mikono yake, vyote viwili.

Soma Wakolosai 3:22–4:1 bila kusimama njiani. Wafanyakazi wamehubiriwa mara nyingi kwamba wasitumikie kwa kuonekana na macho ya watu, kisha Biblia ikafungwa. Neno la mabwana limeangukia sura inayofuata, lakini Paulo hakuandika kwa sura. Kwake yote ni agizo moja, na bwana aliye duniani anakumbushwa kwamba naye anaye Bwana mbinguni.

JUMANNE
Bwana Asiyesemezeka

Soma 1 Samweli 25:14-17 na 2 Wafalme 5:9-14. Nabali na Naamani walitofautianaje mbele ya watumishi wao?

Daudi alikuwa njiani na watu 400 wenye panga. Kijana mmoja wa Nabali aliijua hatari hiyo, lakini hakwenda kwa bwana wake. Alikwenda kwa Abigaili, na sababu aliitaja mwenyewe: Nabali hasemezeki. Nyumba nzima ilikaribia kuangamia kwa kuwa habari haikuweza kumfikia mwenye nyumba.

Naamani naye alikuwa mtu wa hasira. Aliliacha lango la Elisha akiwa amekasirika. Lakini watumishi wake walimkaribia, wakamwita baba, wakamwambia jambo ambalo hakutaka kusikia. Alisikia, akaenda Yordani, akatakasika.

Soma pia 1 Samweli 30:11-15. Mwamaleki mmoja alimtupa mtumwa wake Mmisri nyikani kwa sababu aliugua. Siku tatu mchana na usiku hakuwa amekula wala kunywa. Watu wa Daudi walimpa mkate, maji, kipande cha mkate wa tini na vishada viwili vya zabibu, naye akawaongoza mpaka kwa jeshi la bwana wake. Je, mfanyakazi anayeugua mahali pako hupata daktari, au nauli ya kurudi kijijini?

JUMATANO
Kabla Jua Halijachwa

Soma Kumbukumbu la Torati 24:14, 15. Sababu gani inatolewa ya kulipa ujira siku ile ile?

Sababu ni kwamba mtu huyo ni maskini, na moyo wake umeutumainia ujira huo. Sheria inamtaja ndugu na mgeni pamoja. Leo wengi hulipwa kwa mwezi, kwa makubaliano. Kinachovunja agizo hili ni kuipitisha siku iliyokubaliwa. Kwa kibarua, kuambiwa "njoo kesho" ni kukosa unga wa jioni.

Kwa watunza Sabato jambo hili lina uzito wa pekee. Mshiriki anajenga nyumba. Ijumaa saa kumi na moja jioni anafunga geti na kuwaambia mafundi waje Jumapili, kwa kuwa Sabato inaingia naye hashiki fedha siku ya Bwana. Wanaondoka mikono mitupu. Kwao Sabato imekuwa siku ambayo tajiri hupumzika na maskini hulala njaa. Ijumaa ni siku ya maandalio, na kulipa ujira ni sehemu ya maandalio kama kupika na kupiga pasi.

ALHAMISI
Naye Apumzike

Soma Kutoka 20:10 na Kumbukumbu la Torati 5:14, 15. Ni nani wanaotajwa ndani ya amri, na Israeli walipaswa kukumbuka nini?

Amri ya nne inamtaja mtumwa wa kiume na wa kike kwa wazi. Kumbukumbu la Torati linaongeza kwamba wapumzike sawasawa na mwenye nyumba, kwa sababu mwenye nyumba naye alikuwa mtumwa Misri.

Katika nyumba nyingi dada wa kazi huamka saa kumi alfajiri siku ya Sabato ili kuwaogesha watoto. Kisha hubaki kupasha chakula, maana wageni watakuja kutoka kanisani. Mama anafundisha somo, watoto wanaimba, na mtu mmoja ndani ya malango hajapumzika. Wengine hujibu kwamba yeye husali Jumapili. Lakini Jumapili kuna kufua. Basi siku yake ni ipi?

Mkataba Na. 189 wa Shirika la Kazi Duniani, uliopitishwa mwaka 2011, unataka mfanyakazi wa nyumbani apate angalau saa 24 mfululizo za mapumziko kila wiki. Ni aibu mikutano ya serikali ikimpa dada huyu pumziko ambalo nyumba ya mtunza Sabato humnyima. Chakula kiishe kupikwa Ijumaa, wenye nyumba waoshe vyombo vyao, naye alale au aende anakosali. Kumburuta kanisani asikotaka si kumpumzisha.

IJUMAA
Maswali ya Kujadili

1. Mfanyakazi akigundua kosa kubwa nyumbani kwako au kazini kwako, atakwenda kwako au atamtafuta Abigaili? Unajuaje?

2. Mshiriki hana fedha za kuwalipa vibarua Ijumaa, ingawa kazi imekwisha. Afanye nini jioni hiyo, na alipaswa kufanya nini Jumatatu?

3. Mshiriki anafanya kazi kwa mtu kama Labani. Ni wakati gani avumilie, wakati gani adai, na wakati gani aondoke?

4. Sabato hii, wakati darasa likiendelea, ni nani yuko jikoni kwako?