Somo: Kumpa Kila Mtumiaji Mgawo Wake kwenye Seva

Mwishoni mwa robo mwaka mmoja seva ya ofisi yetu ilijaa. Mhasibu alipotaka kuhifadhi taarifa ya fedha, seva ilikataa. Tulipochunguza tulikuta video za harusi, na picha zilezile za semina zimewekwa mara tatu. Nyingi zilikuwa zetu sisi waratibu. Taarifa ilichelewa, na fedha za zahanati zikachelewa nayo.

Linux ina njia ya kuzuia hali hii. Kila mtumiaji huwekewa mipaka miwili. Mpaka wa kwanza ni wa onyo: anaweza kuuvuka, lakini kwa kawaida hupewa siku 7 apunguze mafaili yake. Siku hizo zikiisha hajapunguza, hawezi kuongeza kitu. Mpaka wa pili hauvukwi kabisa.

Hatua zifuatazo ni kwa diski ya aina ya ext4, ambapo /home ni sehemu yake yenyewe ya diski. Ingia kama root.

1. Weka nakala ya data zote mahali pengine, kisha sakinisha programu iitwayo quota.

2. Fungua faili /etc/fstab. Katika mstari wa /home, baada ya neno defaults, weka mkato na neno usrquota bila kuacha nafasi.

3. Jioni, watumishi wakiwa wametoka, andika amri hizi moja moja:
mount -o remount /home
quotacheck -cum /home
quotaon /home

4. Weka mipaka. Kwa mtumiaji aitwaye uhasibu:
setquota -u uhasibu 4000000 5000000 0 0 /home
Hesabu ni kwa kilobaiti, yaani takriban gigabaiti 4 na 5. Sifuri mbili maana yake idadi ya mafaili haina mpaka.

5. Kila wiki andika repquota -a uone nani anakaribia mpaka wake.

Kabla ya kuweka mipaka, kaeni kwanza na watumishi wote. Sisi tulikubaliana mgawo ufuate kazi, si cheo: uhasibu ukapata zaidi, waratibu tukapungukiwa. Tulinung'unika kidogo, kisha tukafuta video zetu.