Wanaume Huumia Barabarani, Wanawake Nyumbani

Akitajwa majeruhi aliyekimbizwa hospitalini, wengi wetu huwaza ajali ya barabarani. Kwa wanaume, mara nyingi ndivyo ilivyo. Shirika la Afya Duniani (WHO) linakadiria kuwa ajali hizo ziliua watu wapatao milioni 1.19 ulimwenguni mwaka wa 2021, na kwa kila mwanamke mmoja anayekufa hufa wanaume watatu hivi. Si ajabu. Wanaoendesha bodaboda, wanaoning'inia kwenye milango ya matatu na wanaopanda juu kwenye kazi za mjengo, karibu wote ni wanaume. Ongeza pombe na ugomvi wa usiku. Wewe unayepanda pikipiki, helmeti hupunguza hatari ya kuumia kichwa kwa takriban asilimia 69, bora iwe imefungwa kidevuni. Ile iliyotundikwa kwenye usukani haimkingi mtu.

Wanawake nao hugongwa na magari, lakini hatari nyingine kwao iko jikoni: maji moto, uji, stovu inayoongezwa mafuta taa ikiwa bado inawaka. Ukiungua, weka mahali hapo chini ya maji baridi ya mfereji kwa dakika 20. Usipake dawa ya meno wala siagi. Akina nyanya huteleza bafuni wakavunjika nyonga, kwa kuwa mifupa hudhoofika baada ya hedhi kukoma.

Kuna sababu nyingine ambayo daktari mara nyingi hufichwa. "Nilianguka kwenye ngazi," mama husema, na taya limevimba. Utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka wa 2022 ulionyesha kuwa asilimia 34 ya wanawake wa miaka 15 hadi 49 nchini Kenya wamewahi kupigwa au kuumizwa tangu walipotimu miaka 15. Wanaume walikuwa asilimia 27, nao huona haya zaidi kusema.

Ukimficha daktari, atatibu taya na kuacha mengine. Aliyekabwa koo aweza kuonekana mzima, kisha ashindwe kupumua saa kadhaa baadaye. Aliyepigwa teke la tumbo aweza kuvuja damu kwa ndani. Kwa hivyo sema ulivyoumia, hata ikibidi uombe aliyekuleta angoje nje. Fomu ya P3 ya polisi itajazwa baadaye; damu haingoji. Naye aliyebakwa afike hospitalini mara moja, kabla ya saa 72 kupita, apewe dawa za kuzuia virusi vya Ukimwi.