Hati inapokwisha muda: Warithi wanarithi nini?



Katika darsa zangu za fiqhi hapa Bonga, tukifika mlango wa ijara baadhi ya watu huanza kusinzia. Wanadhani ni habari za Waarabu wa kale na ngamia wa kukodi. Siku moja mzee mmoja akauliza swali lililowaamsha wote. Baba yake alifariki mwaka 2009 akaacha nyumba Babati mjini, yenye hati ya miaka 33 iliyoanza kuhesabiwa mwaka 1988. Hati hiyo ilikwisha mwaka 2021 ikiwa bado na jina la marehemu, na mirathi haijagawanywa hadi leo. Miongoni mwa warithi wamo watoto wa marehemu kaka yake, ambaye alifariki baada ya baba yao. "Ustadhi," akasema, "hapa tunarithi nini? Nyumba, ardhi, au karatasi?"

Swali hili linawahusu Waislamu wengi wa mijini kuliko wanavyodhani, kwa hiyo naona ni vyema nilijibu gazetini.

Kwanza tufahamu tunachomiliki. Kwa Sheria ya Ardhi Na. 4 ya mwaka 1999, iliyoanza kutumika Mei 2001, ardhi yote ya Tanzania Bara ni mali ya umma na Rais ndiye mdhamini wake. Mwananchi hupewa haki ya kuikalia na kuitumia kwa masharti. Jambo hili si geni. Msingi wake uliwekwa na Waingereza kwa sheria yao ya mwaka 1923. Mwaka 1963, waliokuwa wakimiliki ardhi moja kwa moja bila ukomo waligeuzwa kuwa wapangaji wa serikali kwa miaka 99, na mwaka 1969 upangaji huo nao ukageuzwa kuwa hakimiliki kama tunayoijua leo. Muda wa hakimiliki hii hauzidi miaka 99, na wengi tumezoea kuona hati za miaka 33, 66 au 99.

Kijijini mambo ni tofauti. Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya mwaka huo huo wa 1999 inaruhusu hakimiliki ya kimila isiyo na ukomo. Hapa kwetu Bonga, tulio kata ya mji kando ya barabara ya Dodoma, tofauti hii si ya vitabuni. Mtu amelima shamba la babu yake bila kuhesabu mwaka hata mmoja. Siku likipimwa na kuwa viwanja, anapokea hati yenye tarehe ya kwisha. Baadhi ya wazee wetu wameingia mjini bila kuhama nyumba zao! Wala usishangae kuwaona wakiikunja hati ile na kuiweka sandukuni bila kuisoma.

Tukirudi kwenye dini, Qur'an (28:27) inatupa kisa cha Nabii Musa (a.s.) na mzee wa Madyan. Mzee alimtaka amtumikie miaka minane, na akitimiza kumi, hiyo ni hiari yake mwenyewe. Makubaliano yale yalihusu kazi, si ardhi, lakini wanazuoni wameitumia aya hii katika mlango wa ijara, na kuna jambo humo la kuzingatiwa. Miaka minane ilikuwa wajibu. Miwili ya nyongeza haikuwa haki ya upande wa pili kuidai; ilitegemea ridhaa. Musa (a.s.) naye alilibainisha hilo mapema, kabla kazi haijaanza, kwamba muda wowote kati ya hiyo miwili atakaoutimiza asidaiwe zaidi. Ndivyo ilivyo kwa hati. Muda ulioandikwa ni haki yako ukitimiza masharti. Muda wa kuongezwa unaombwa, na hauji wenyewe kwa sababu tu umekaa sana mahali hapo.

Wapo watakaosema kuwa serikali na raia si sawa na mwenye nyumba na mpangaji. Ni kweli, mfano huu haulingani kila upande. Hakimiliki inauzwa, inawekwa rehani na inarithiwa, na kodi yake ya mwaka ni ndogo mno kulinganisha na pango la chumba kimoja cha Arusha. Lakini katika suala la muda, mfano unasimama.

Je, mwenye hati akifa? Wanazuoni wametofautiana kuhusu ijara. Mahanafi wanasema mkataba unavunjika kwa kifo cha mmoja wa wafunganaji. Mashafii, Mamaliki na Mahanbali wanasema hauvunjiki, bali warithi wanachukua nafasi ya marehemu kwa muda uliosalia. Sisi huku wengi ni Mashafii, na sheria ya nchi nayo inakubali hakimiliki kurithiwa.

Basi jibu langu kwa yule mzee lilikuwa hili. Mwaka 2009 mlirithi vitu viwili: jengo, ambalo ni jasho la baba yenu, na miaka 12 iliyosalia juu ya ardhi. Miaka hiyo mmeimaliza mkivutana. Leo mlicho nacho ni jengo pamoja na hoja ya kuomba muda mwingine. Hoja ni nzuri iwapo kodi imelipwa na masharti yamefuatwa, lakini hoja si hati, na benki haitaipokea wala mnunuzi makini hatailipia.

Kilichonisikitisha zaidi ni kwamba ndugu wawili wakubwa wanaishi katika nyumba ile na kupangisha vyumba vya uani, na wale watoto wa kaka hawapati kitu. Sehemu ya baba yao ni yao. Onyo la Qur'an (4:10) kwa wanaokula mali ya yatima kwa dhulma linajulikana na kila aliyepita madrasa, na kuchelewesha mirathi ni mlango mpana wa kuila mali hiyo bila mtu kujiona mwizi.

Njia ipo. Familia inakaa, inapendekeza msimamizi wa mirathi, na Mahakama ya Mwanzo inamthibitisha. Msimamizi huyo anaandikishwa kwa Msajili wa Hati, kisha yeye ndiye mwenye kauli ya kuomba muda mpya. Kodi ya ardhi aliyoiacha marehemu bila kulipa ni deni, na deni hutangulia kabla ya kugawa urithi (4:11). Kodi ya miaka iliyofuata, kwa maoni yangu, itolewe kwanza katika pango la vile vyumba vya uani.

Wenzetu wa Kenya wameliandika jambo hili waziwazi. Sheria yao ya Ardhi ya mwaka 2012 inataka aliyekuwa akimiliki atangulizwe kupewa tena ardhi muda unapokwisha, iwapo ni raia na ardhi haihitajiki kwa manufaa ya umma. Hata huko bado ni lazima uombe.

Ama kwa wanaonunua fleti Dar es Salaam, Sheria ya mwaka 2008 ya umiliki wa sehemu za majengo inampa kila mmoja hati yake, lakini fleti haiwezi kuishi kuliko kiwanja kilichoibeba. Mwulize muuzaji miaka iliyobaki kabla ya kuulizia rangi ya vigae.

Yapo pia ya misikiti. Waislamu wanauliza: wakfu ni wa milele, vipi uwekwe juu ya ardhi ya miaka 33? Imam Nawawi katika Minhaj ameeleza kuwa kauli sahihi zaidi ni kujuzu kuweka wakfu jengo au miti iliyo juu ya ardhi ya kukodi. Kwa hiyo wakfu unasihi. Tatizo letu si la fiqhi, ni la kabati. Hati ya msikiti iko kwa jina la nani? Ikiwa ni la mzee aliyekwisha kufariki, watoto wake wanaweza kuihesabu katika mirathi, na kamati haina kauli ya kuomba muda. Ardhi ya namna hiyo iwe chini ya wadhamini waliosajiliwa RITA, na waliofariki wajazwe nafasi zao.

Nimeulizwa pia miaka inahesabiwa tangu lini. Ni tangu tarehe ya kuanza iliyoandikwa ndani ya hati, si siku uliyoichukua ofisini. Kwa aliyesubiri miaka minne hati itoke, minne imekwisha kwenda.