SOMO LA MWEZI: TUNUNUE MSUMENO GANI?

Maandiko ya kusoma: 1 Samweli 13:19-22, Mhubiri 10:10, Luka 14:28-30, 2 Wafalme 6:5-7



Vijana wa kanisa letu hapa Nakivale wameleta ombi mbele ya wazee. Wanataka kufungua atelie ya kutengeneza kabati, meza na vitanda. Wanaomba akiba ya kikundi inunue msumeno wa umeme wa meza pamoja na jenereta, na pesa ikipungua tukope. Akiba hiyo mnajua ilikotoka: ni maharage ya akina mama, na siku za kulima mashamba ya watu. Ikipotea, haitarudi kwa mwaka mmoja. Kwa hiyo, kabla ya kupiga kura, tumeona vema tujifunze pamoja.

Kazi yenyewe hatuna shaka nayo. Sheria ya Wakimbizi ya Uganda ya mwaka 2006 inaturuhusu kufanya kazi. Na katika Kutoka 31 tunaona Mungu akimjaza Bezaleli Roho wake, hata kwa kazi ya kuchonga mti. Swali letu ni juu ya vyombo.

1. Nani atakinoa?

Soma tena habari ya siku za Sauli. Wafilisti walihakikisha tu kwamba katika Israeli hakuna mhunzi. Basi kila jembe na kila shoka lilipokuwa butu, mwenyewe alishuka kwa adui yake akalipa ili linolewe. Siku ya vita ilipofika, watu wakakosa silaha.

Nasi tuulize juu ya kila chombo: kikiwa butu, nani atakinoa, na wapi?

Katika maduka ya Mbarara mtaona misumeno ya mkono ya aina mbili, nayo hufanana. Ya kwanza meno yake yamechomwa kiwandani yakawa magumu sana. Mara nyingi ncha zake ni nyeusi. Hukata vizuri, lakini ikishakuwa butu tupa haiigusi, nayo hutupwa. Ya pili meno yake hunolewa kwa tupa ya pembe tatu miaka mingi. Mwombe muuzaji ruhusa, upitishe tupa polepole kwenye jino la mwisho karibu na mpini. Tupa ikiuma, msumeno huo unanoleka. Ikiteleza tu, uache.

2. Vyombo vya kuanzia

Misumeno mitatu yatosha:
- Wa kupasulia, kufuata nyuzi za mti: meno 5 au 6 kwa inchi moja, yaliyonolewa kama patasi ndogo.
- Wa kukatia, kukingama nyuzi: meno 8 hadi 10 kwa inchi, yenye ncha kama visu.
- Mdogo wenye chuma mgongoni, wa kukatia ndimi za maungio: meno 12 hadi 14 kwa inchi.

Kabla ya kulipa, tazama bamba kwa jicho moja kutoka kwenye mpini hadi ncha. Lisiwe limepinda. Lipinde kidogo kwa mkono, uone kama linarudi sawa.

Ongeza randa, patasi tatu, skwea, tepu, nyundo, klampu, jiwe la kunolea na tupa. Benchi nzito vijana watajitengenezea wenyewe, nayo iwe kazi yao ya kwanza.

Kunoa kunafundishika. Bana msumeno kati ya mbao mbili, upige tupa kila jino idadi ile ile. Meno yalale kidogo, moja kulia na moja kushoto, ili njia iwe pana kuliko bamba na msumeno usikwame. Mhubiri anatukumbusha kwamba chuma butu hudai nguvu nyingi zaidi. Kijana anayetoka jasho kwa msumeno butu anafanya bidii, lakini hana hekima.

3. Kuhesabu gharama

Bwana wetu alifundisha juu ya mtu anayetaka kujenga mnara: kwanza aketi ahesabu. Bei ya mashine ni mwanzo tu wa hesabu. Mota ikianza kuzunguka huvuta umeme mara kadhaa kuliko inapokuwa imeshika mwendo. Msumeno wa wati 1,500 hauwezi kuendeshwa na jenereta ya wati 1,000, na hata ya 1,500 yaweza kuzima. Tena kuna petroli, oili na visu vya akiba. Visu vyenye meno ya madini magumu hunolewa kwa mashine maalum, na hapo tunashuka tena kwa Wafilisti.

Kuna na hatari. Ubao ukikwama nyuma ya kisu hurushwa kwa nguvu kumwelekea fundi, na mkono unaweza kuvutwa kwenye kisu. Kwa hiyo mashine isiyo na kifuniko wala bamba la nyuma ya kisu tusiinunue hata ikiwa rahisi, na mbao nyembamba zisukumwe kwa kijiti, si kwa vidole.

Hatusemi mashine ni mbaya. Kwa kupasua mbao nyingi, saa nzima ya mkono kwake ni dakika chache. Basi mbao zipasuliwe kwa malipo kwa mwenye mashine, na maungio tuyafanye hapa kwa mkono. Kila malipo yaandikwe katika daftari. Siku daftari litakapoonyesha kwamba malipo hayo yanakaribia bei ya mashine yetu, ndipo tuinunue.

4. Shoka la kuazima

Yule mwana wa manabii alilia kwa sababu shoka lililozama halikuwa lake. Elisha alisaidiwa na Mungu, na chuma kikaelea. Muujiza huo tunauamini, lakini tusiuweke katika hesabu ya mkopo.

5. "Tutaondoka tu"

Wengine wanasema: kwa nini tununue, ikiwa kesho tunaweza kuitwa kwenda nchi nyingine, au kurudi nyumbani? Sisi tuliovuka mpaka na watoto mgongoni tunajua vinavyobaki nyuma. Jenereta hubaki. Misumeno na patasi huingia katika gunia moja. Na mkono uliojifunza kunoa hauhitaji hata gunia.

Ushauri wa wazee ni huu: tuanze na vyombo vya mkono, bila deni. Vijana wetu, msivunjike moyo. Mashine itakuja kwa wakati wake.

Maswali ya kujadiliana:
1. Ni vitu gani vya nyumbani kwako unavyotegemea mtu mwingine avitengeneze? Waweza kujifunza lipi?
2. Nani kati yetu anajua kunoa msumeno, naye yuko tayari kuwafundisha vijana wawili?
3. Kikundi kikikopa na kazi ikakosekana miezi mitatu, nani atalipa?

Bwana azithibitishe kazi za mikono yetu. Amina.