Kipindi cha Michezo Kisiporwe
Kijitabu kwa wazazi na walimu wa Sigowet

Mtihani ukikaribia, kipindi cha kwanza kuporwa ni cha michezo. Hesabu inaingia mahali pake, uwanja unaachiwa ng'ombe. Hapo shule inajipunja. Dakika 20 tu za kutembea kwa kasi humwongezea mtoto umakini kwa muda baada ya kurudi darasani. Hazimfundishi kugawanya, ila zinamfanya amsikilize anayemfundisha. Basi kipindi hicho kitangulie somo gumu.

Shirika la Afya Duniani linashauri wenye umri wa miaka 5 hadi 17 wapate wastani wa saa moja ya mazoezi kila siku. Takwimu za dunia za 2016 zilionyesha kuwa, kati ya wenye miaka 11 hadi 17, asilimia 78 ya wavulana na 85 ya wasichana hawakufikisha kiwango hicho.

Mzazi atauliza: mtoto apandaye kilima kwenda shule, kisha akirudi achote maji, anakosaje mazoezi? Kweli, anayekosa zaidi ni yule anayeshushwa langoni na bodaboda. Lakini kazi si mchezo. Kwenye kazi mtoto anatumwa. Mchezoni anangoja zamu, anafungwa goli, anabishana na refa na kesho anarudi.

Hasira

Jasho peke yake haliondoi hasira. Mwaka 2002 mtafiti wa Marekani, Brad Bushman, alichapisha jaribio lake: waliopiga mfuko wa ndondi huku wakimfikiria aliyewaudhi walibaki na hasira zaidi kuliko waliokaa tu bila kufanya lolote. Kwa hiyo usimwambie mtoto akamalizie hasira zake kwenye mpira. Mpe mchezo wenye kanuni, na mtu mzima awepo. Mpira mmoja, darasa zima, mwalimu yuko ofisini: hapo ngumi haziko mbali.

Ukali wa wasichana aghalabu hauna ngumi. Mmoja haitwi kwenye mchezo wa kati, au kila siku yeye ndiye wa kushika kamba wenzake wakiruka. Mwalimu wa zamu aliangalie hilo pia.

Na kwa kuwa fimbo ilipigwa marufuku shuleni mwaka 2001, tusizigeuze mbio kuwa fimbo. Anayezungushwa uwanja kwa kuchelewa hujifunza kuchukia kukimbia, tena katika kaunti ya Wilson Kiprugut, aliyeiletea Kenya medali yake ya kwanza ya Olimpiki, shaba ya mita 800, Tokyo 1964.

Wasichana

Msichana anayekaa kando hajawa mvivu. Pengine hana kaptula ya kuvaa ndani ya sketi, au yuko kwenye hedhi na hana sodo. Sheria ya 2017 inaitaka serikali iwape sodo bure wanafunzi wa shule za umma waliobaleghe. Ulizeni shuleni kama zimefika.

Mchezo usipotosha

Mtoto akianza ghafla kupiga wadogo, kukataa shule au kuamka usiku akilia, huenda naye anapigwa au anadhulumiwa mahali. Zungumza naye faraghani, kisha umwone mwalimu. Simu ya watoto ni 116, haina malipo.