Kuchelewa kwa Kipima Muda Hupimwaje?

Swali: Msomaji wa Morogoro angependa kujua jinsi kuchelewa kwa vipima muda kunavyopimwa katika kompyuta zenye majukumu kama ya treni za SGR, na jinsi chanzo chake kinavyobainishwa.

Jibu: Mfumo endeshi wa wakati halisi, yaani ule unaolazimika kukamilisha kazi kabla ya muda uliowekwa kwisha, hupimwa kwa kuchelewa kwake kukubwa kabisa wala si kwa wastani, kwa kuwa treni ifikayo chini ya Milima ya Uluguru kutoka Dar es Salaam, ikiwa katika mwendo wa kilomita 160 kwa saa, hupita takriban sentimita 44 katika kila milisekunde 10.

Katika Linux, programu ya cyclictest huagiza uzi, yaani mfuatano mmoja wa utekelezaji, uamke kila baada ya milisekunde 1, kisha hutoa wakati uliokusudiwa katika wakati halisi wa kuamka. Jaribio kwenye kompyuta isiyo na kazi halithibitishi lolote. Sharti liendelee kwa saa nyingi huku diski na mtandao vikilemewa.

Kikomo cha kuchelewa kilichowekwa kikivukwa, kumbukumbu ya matukio ya kerneli, yaani kiini cha mfumo, husimamishwa papo hapo ili ionekane kama programu endeshi ya kifaa fulani ilizuia mikatizo, yaani ishara za kuiita prosesa, au prosesa ilikuwa imelala kuokoa umeme. Kumbukumbu isipoonyesha kitu, hapo ndipo penye ugumu hasa, mshukiwa huwa programu ya ndani ya ubao mama, ambayo huiteka prosesa bila kerneli kufahamu, na programu ya hwlatdetect iliundwa kuinasa.