SOMO: KIPOKEZI CHA SATELAITI HUJUAJE MAHALI KILIPO?



Siku hizi mpaka wa shamba haupimwi kwa mnyororo tu. Mtu huja na simu au kipokezi cha GPS mkononi, husimama penye pembe ya shamba, husoma tarakimu na kuziandika. Na tarakimu hizo ndizo ziingiazo katika hati. Basi yafaa kila mwenye shamba ajue tarakimu hizo hupatikanaje, na wakati gani asikubali ziandikwe.

Mfano wetu tunauchukua bara, katika Nyanda za Juu Kusini. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999, ambayo ni ya Tanzania Bara peke yake, iliwawezesha wanavijiji kupata Hati ya Hakimiliki ya Kimila. Mwaka 2014, kwa msaada wa Marekani, kazi ya kupima kwa simu ilijaribiwa katika vijiji vya Wilaya ya Iringa, kikiwamo Ilalasimba, na baadaye ikaenea katika vijiji vingi vya Iringa na Mbeya. Vijana wa kijiji chenyewe walifundishwa. Walikwenda shambani pamoja na mwenyewe na majirani zake, wakaonyeshwa mipaka, wakaiandika katika simu. Majirani ndio mashahidi. Simu kazi yake ni kuandika tu.

Sasa tuitazame simu hiyo inavyofanya kazi. Umeme wa radi ukimulika, nawe ukahesabu sekunde 3 kabla ya kusikia ngurumo, wajua radi ilipiga kiasi cha kilomita 1 kutoka ulipo, kwa sababu mwendo wa sauti unajulikana. Kipokezi nacho hupima umbali kwa kuhesabu wakati. Satelaiti za GPS huzunguka dunia kwa urefu wa kilomita 20,200 hivi, na kila moja ina saa ya sahihi kabisa. Hutangaza daima, “Mimi ni fulani, nipo mahali fulani, na saa yangu ni hii.” Tangazo hilo huja kwa mwendo wa mwanga, kilomita 300,000 kwa sekunde, na hufika kwa muda wa sehemu 7 hivi za mia za sekunde.

Lakini umbali peke yake hautoshi. Tufanye mfano kwa kamba. Funga kamba ya mita 10 katika mkarafuu mmoja, na nyingine ya mita 10 katika mkarafuu wa pili, uzivute mpaka ncha zikutane. Zitakutana mahali pawili tu, pamoja kila upande, na mwenye macho hujua ni papi. Angani mambo ni hayo hayo, ila kwa kuwa tunataka na urefu wa kwenda juu, hapana budi tuwe na kamba 3.

Hata hivyo kipokezi hutaka satelaiti 4. Kwa nini? Kwa sababu saa iliyomo ndani ya simu ni ya bei rahisi. Ikikosea sehemu moja ya milioni ya sekunde, umbali wote hukosewa kwa mita 300! Lakini kosa hilo ni lile lile kwa kila satelaiti, na kipimo cha nne hukiwezesha kipokezi kulijua na kuliondoa. Hii ndiyo hila kubwa ya mtambo huu, nasi twaona ni ya kustaajabisha kuliko satelaiti zenyewe.

Turudi kwenye kamba zetu. Ikiwa mikarafuu ile miwili iko upande mmoja, karibu karibu, kamba zitakutana kwa pembe nyembamba, na ukikosea kidogo urefu wa kamba, ncha itahama mbali. Ikiwa mmoja uko mashariki yako na mwingine kaskazini, kosa litakuwa dogo. Ndiyo sababu mtu aliye chini ya mlima Loleza, Mbeya, yamkini aone satelaiti 6 katika kioo cha simu na bado asipate mahali pa kuaminika: mlima umefunika upande mmoja wa mbingu, na zote 6 zimekaa upande wa pili. Vipokezi vya sasa husikiliza pia satelaiti za Urusi, Ulaya na Uchina, na hilo husaidia sana.

Miti nayo ni taabu. Katika misonobari ya Sao Hill, Mufindi, kama katika mikarafuu yetu iliyoshonana, majani huidhoofisha sauti ya satelaiti. Bati na lori huirudisha kama mwangwi, ikafika imechelewa, na kipokezi kikadhani satelaiti iko mbali zaidi. Kadhalika, katika nchi za karibu na ikweta, hewa ya juu sana huchafuka baada ya jua kuchwa. Kazi ya mpaka ifanywe mchana.

Simu ya kawaida mahali peupe hukosea kiasi cha mita 5. Wengine husema si kitu. Haya, tuhesabu: eka 3 zilizo mraba zina ubavu wa mita 110. Mita 5 kwa ubavu mmoja ni mita za mraba 550, na kwa mikarafuu iliyopandwa kila mita 8, hapo ni mahali pa miti 8 hivi.

Kwa hiyo mpimaji asiharakishwe. Kipokezi kilichozimwa siku nyingi, mahali pasipo mtandao, kiachwe peupe robo saa, kwani orodha nzima ya satelaiti huchukua dakika 12 na nusu kupokewa. Kisha kikae penye pembe dakika kadhaa, zichukuliwe tarakimu nyingi na wastani wake. Pembe ikiwa chini ya mti, ipimwe nukta iliyo peupe, na kutoka hapo mtu aende kwa utepe na dira.

Likabaki jambo la ramani. Ramani nyingi za zamani za bara zilichorwa kwa kipimo kiitwacho Arc 1960, na satelaiti hutumia kingine, WGS 84. Nukta moja ikisomwa kwa vipimo hivyo viwili hutofautiana kiasi cha mita 300, ingawa kipokezi hakikukosea hata kidogo. Tena kuna kanda: miji ya Mbeya na Iringa iko katika kanda 36, bali Unguja na Pemba ziko kanda 37. Mwanachama akipewa karatasi ya tarakimu, na atazame kama kipimo na kanda vimeandikwa juu yake. Kama havikuandikwa, airudishe kwa mpimaji kabla ya kutia sahihi.